Mnyororo wa Baiskeli: Tuuchunguze Kabla ya Kuilaumu Gia

Katika kaya nyingi za Kipalapala na vijiji vinavyouzunguka mji wa Tabora, baiskeli si chombo cha mchezo. Ndiyo impelekayo baba sokoni alfajiri, mtoto shuleni, mgonjwa zahanati, na ndiyo ibebayo madumu ya maji jioni. Ikilala, shughuli za nyumba nzima hulala nayo. Kwa sababu hiyo, wiki hii tumeona vyema tuzungumzie hitilafu ambayo huanza kama kero ndogo na kuishia kwenye gharama kubwa, na wakati mwingine kwenye majeraha. Nayo ni ile ya baiskeli ya gia ambayo, kila ukibadili gia, mnyororo hukwaruza, husita, kisha huruka.

Aghalabu hitilafu hii hutibiwa kwa kubahatisha. Mwenye baiskeli huambiwa gia imeharibika, skrubu hukazwa na kulegezwa, waya hubadilishwa, na baada ya siku mbili mambo hurudi yalivyokuwa. Mwisho huambiwa anunue kila kitu kipya, mbele na nyuma. Kumbe huenda kosa lilikuwa katika kiungo kimoja cha mnyororo chenye urefu wa nusu inchi. Makala hii inakusudia kumwezesha msomaji, awe baba, mama au kijana, kulitambua kosa hilo mwenyewe kabla ya kutoa fedha mfukoni.

Mzigo uliotoka mabegani

Tabora ni mji uliojengwa na safari. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipitia Unyanyembe, na wapagazi wa Kinyamwezi walisifika kwa kubeba mabegani mizigo ya kilo 30 hivi kwa miezi kadhaa ya mwendo. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, mizigo ya masafa marefu ilihamia kwenye mabehewa. Lakini mizigo ya masafa mafupi, kutoka shambani hadi nyumbani na kutoka kijijini hadi sokoni, haikupata reli. Hiyo ndiyo iliyokuja kubebwa na baiskeli.

Hadi leo, katika barabara za mchanga zinazoingia Tabora, utaona baiskeli zikiwa na magunia ya mkaa, kuni, madebe ya asali na maembe ya msimu. Baiskeli moja hubeba mzigo ambao zamani ungegawiwa wapagazi wawili au watatu, na juu yake hukaa binadamu. Uzito huo wote husukumwa na mnyororo mmoja mwembamba.

Kwa miaka mingi baiskeli zilizotawala barabara hizi zilikuwa zile ndefu na nzito za gia moja, kama vile Raleigh ya Uingereza na Phoenix ya China. Mnyororo wa baiskeli hizo ni mpana, hukaa kwenye mstari mmoja daima, na aghalabu hufunikwa na bati. Baiskeli za gia, nyingi zikiwa za mitumba, zimeleta wepesi wa kupanda vilima, lakini zimeleta pia mnyororo mwembamba zaidi, usio na kifuniko, unaosukumwa kushoto na kulia kila siku. Mazoea tuliyorithi kwenye Phoenix hayatoshi kwa mnyororo huu.

Mnyororo umeundwaje?

Mnyororo tuutumiao leo, ambao mafundi wengi huuita cheni, ni wa aina iliyobuniwa mwaka 1880 na Hans Renold, mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa na kiwanda Manchester, Uingereza. Umeundwa kwa vibati viwili viwili vinavyofuatana, cha ndani na cha nje. Vibati hivyo hushikwa na pini, na juu ya pini huzunguka rola ndogo inayokaa kati ya meno. Kutoka pini moja hadi nyingine ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Kipimo hicho ni kimoja kwa Phoenix na kwa baiskeli ya gia. Kinachotofautiana ni upana.

Baiskeli ya gia ina gurudumu la meno mbele, au magurudumu mawili hadi matatu, na rundo la magurudumu ya meno nyuma. Chini ya rundo hilo huning'inia mkono wenye vigurudumu viwili vidogo. Tutauita mkono wa gia. Ukivuta waya, mkono huo huusukuma mnyororo ubavuni mpaka upande jino la jirani.

Hapa ndipo penye hatari. Mnyororo umeundwa kuvutwa kwa urefu wake, si kusukumwa ubavuni ukiwa umebeba uzito. Mtu anayepanda kilima na gunia nyuma, akabadili gia huku amesimama juu ya pedali, hulazimisha jino kuingia mahali ambapo kibati hakijakaa sawa. Kibati cha nje kinaweza kupanuka na kuanza kutoka kwenye pini yake, au kiungo kikapinda. Mnyororo ukiangukia kati ya jino kubwa na spoku, au ukibanwa kati ya meno ya mbele na fremu, matokeo huwa hayo hayo. Mnyororo haukatiki siku hiyo. Unaendelea kufanya kazi ukiwa na jeraha, na jeraha hilo huonekana kama ubovu wa gia.

Kwanza, sikiliza mdundo

Uchunguzi mzuri huanza kwa maswali, kama afanyavyo tabibu. Tatizo lilianza lini? Lilianza baada ya mnyororo kuchomoka, baada ya kuanguka, au baada ya kubadili gia kwa nguvu kilimani? Je, mruko hutokea katika gia moja tu au katika gia zote?

Ikiwa ni gia moja tu, yaelekea jino la gia hiyo limelika, au waya umelegea kiasi cha kuuacha mnyororo kati ya meno mawili. Ikiwa ni gia zote, mshitakiwa wa kwanza ni kile kinachopita katika gia zote, nacho ni mnyororo.

Kisha hesabu. Mtu mmoja aendeshe taratibu mahali tambarare pasipo magari, akihesabu mizunguko ya pedali kati ya mruko mmoja na mwingine. Tuchukue mfano. Mnyororo una viungo 114, nao umekaa kwenye gurudumu la mbele lenye meno 38. Kila mzunguko wa pedali huvuta viungo 38. Kwa hiyo kiungo kimoja hurudi mahali pale pale baada ya mizunguko mitatu kamili, kwa kuwa 38 mara tatu ni 114. Mruko ukija kila baada ya mizunguko mitatu, kuna kiungo kilichoharibika. Ukija kila mzunguko mmoja, tazama jino la mbele au pedali yenyewe. Ukija haraka zaidi, tuseme karibu mara mbili kwa kila mzunguko, tazama jino la nyuma.

Si kila baiskeli ina idadi hiyo ya meno na viungo. Wewe hesabu ya kwako, kisha gawa idadi ya viungo kwa idadi ya meno ya mbele. Kazi hiyo yafaa sana kupewa mwanafunzi wa nyumbani anayelalamika kwamba hesabu za kugawanya hazina matumizi.

Pili, kiungo kimoja kimoja

Mdundo ukishakuelekeza kwenye mnyororo, ipindue baiskeli, isimame juu ya usukani na kiti. Futa mnyororo kwa kitambaa kilicholowa mafuta ya taa kidogo mpaka vibati vionekane. Funga uzi mwekundu kwenye kiungo kimoja uwe alama ya mwanzo, ili usiruke kiungo wala kukihesabu mara mbili.

Sasa zungusha pedali nyuma polepole, ukikodoa macho kwenye vigurudumu viwili vya mkono wa gia. Hapo mnyororo hulazimika kujikunja kona kali, na kiungo kibovu hushindwa kujificha. Kiungo kilichokakamaa hutoka kwenye kona kikiwa bado kimejikunja, na mkono wa gia huonekana ukishtuka. Kiungo kilichopinda huuyumbisha mnyororo kushoto na kulia kila kinapopita.

Baada ya hapo, kagua kiungo kwa kiungo mpaka urudi kwenye uzi. Tafuta mambo manne. La kwanza ni kibati chenye ufa, hasa karibu na tundu la pini. La pili ni pini iliyojitokeza upande mmoja kuliko jirani zake. Pitisha ukucha ubavuni mwa mnyororo na utaihisi. La tatu ni vibati viwili vilivyoachana kuliko kawaida, au kilichopinda kama jani. La nne ni rola iliyovunjika au isiyokuwepo kabisa. Kazi yote haizidi robo saa, na mchana wenye mwanga ndio wakati wake.

Ukikuta ufa au pini iliyojitokeza, usiipande tena baiskeli hiyo, hata kwenda dukani. Kiungo cha namna hiyo hukatika wakati kinapobeba uzito mkubwa kabisa, na wakati huo aghalabu ni pale mpandaji anaposimama juu ya pedali ili awahi kuvuka barabara. Mguu hushuka bila kizuizi, kifua hugonga usukani, na aliyeketi nyuma huanguka pamoja na mzigo.

Tatu, rula ya mwanafunzi

Yawezekana usikute jeraha lolote, na bado mnyororo unaruka. Hapo swali ni uchakavu. Watu husema mnyororo umevutika, lakini chuma hakikuvutika. Kinacholika ni pini na tundu zake. Kila kiungo hulika kiasi cha unene wa unywele, na unywele huo mara 114 huufanya mnyororo wote uwe mrefu kuliko meno yanavyotarajia. Viungo hupanda juu ya meno badala ya kukaa kati yake, na mwisho huruka.

Rula ya sentimita 30 iliyomo kwenye mkoba wa shule inatosha kwa kipimo hiki. Mnyororo ukiwa umekazika kwenye baiskeli, weka sifuri ya rula kwenye ukingo wa pini moja. Ihesabu pini hiyo kuwa sifuri, kisha endelea hadi pini ya ishirini, nawe upime mpaka ukingo wake wa upande ule ule. Mnyororo mpya utakupa sentimita 25.4 kamili. Ukifikia sentimita 25.5 na ushee, wakati wa kuubadilisha umewadia kwa baiskeli ya gia. Ukifikia karibu sentimita 25.65, mnyororo umechelewa kutolewa, na yaelekea meno ya nyuma yamekwishalika pamoja nao. Baiskeli ya gia moja huvumilia zaidi, kwa kuwa mnyororo wake ni mpana na haupandishwi kutoka jino hadi jino. Hata hivyo nayo, ikifika kipimo hicho cha mwisho, ibadilishwe.

Pima mahali patatu tofauti, kwani mnyororo uliowahi kuungwa kwa vipande vya minyororo miwili huwa na sehemu nzima na sehemu chakavu.

Kipimo hiki ndicho kinachookoa fedha. Mnyororo uliobadilishwa mapema huyaacha meno yakiwa mazima, na minyororo miwili au mitatu huweza kupita juu ya meno yale yale. Mnyororo ulioachwa huyachonga meno yafanane nao. Ukiweka mpya juu ya meno hayo utaruka siku ile ile, na hapo mwenye baiskeli hana budi kununua vyote. Anayesubiri mpaka mwisho hulipa mara tatu.

Baada ya kosa kujulikana

Kiungo kilichokakamaa kwa kutu au vumbi hutibika. Tia tone la mafuta, kisha kikunje na kukinyoosha, na ukisukume kidogo kushoto na kulia kwa vidole mpaka kilegee. Kikirudia ukaidi, kibadilishwe.

Kiungo chenye ufa, kilichopinda au chenye pini iliyojitokeza hakinyooshwi kwa nyundo. Kitolewe. Lakini kukitoa na kuunga mnyororo mfupi kuna sharti lake: baada ya kuunga, jaribu kwa mkono, baiskeli ikiwa imepinduliwa, kama mnyororo unafika kwenye jino kubwa la mbele na jino kubwa la nyuma kwa wakati mmoja. Usipofika, unaweza kuung'oa mkono wa gia siku mpandaji atakapojisahau. Katika hali hiyo, ongeza kipande cha mnyororo wa aina ile ile na wenye uchakavu unaokaribiana, au weka mpya.

Tuseme pia juu ya desturi ya kutoa pini kwa msumari na nyundo, kisha kuirudisha pini ile ile. Kwenye mnyororo mnene wa Phoenix desturi hiyo imewafikisha wengi nyumbani. Kwenye mnyororo mwembamba wa gia, pini iliyotolewa na kurudishwa hupoteza ushikaji wake, nayo ndiyo itakayojitokeza baadaye. Mwombe fundi atumie kifaa cha kutolea pini pamoja na kiungo maalumu cha kufungia. Na wenye Phoenix wakumbuke: kile kibanio cha kiungo cha kufungia kikae upande wake uliofumba ukitangulia mwelekeo wa mwendo wa mnyororo, ili kisichomolewe na kinachokigonga njiani.

Unaponunua mnyororo, mweleze muuzaji idadi ya magurudumu ya meno ya nyuma. Mnyororo wa gia moja ni mpana mno kwa baiskeli ya gia. Hukwaruza majirani na hautulii, na mwenye baiskeli hurudi tena kuilaumu gia.

Ikiwa mnyororo umeonekana mzima, wa kipimo sahihi, na mruko ungalipo, hapo ndipo ilaumiwe gia. Simama nyuma ya baiskeli utazame kama mkono wa gia umesimama wima sambamba na magurudumu ya meno, maana baiskeli iliyoanguka upande wa kulia aghalabu huupinda. Kisha tazama waya, kama umelegea au umeshika kutu ndani ya ala yake. Skrubu ziguswe mwisho kabisa.

Kanzu, baibui na vidole

Baiskeli nyingi za gia hazina kifuniko cha mnyororo. Kanzu iliyoachwa ikining'inia, au suruali pana, hunaswa kati ya mnyororo na meno ya mbele, na mpandaji husimamishwa ghafla. Ikunje na uifunge kabla ya kupanda. Mama au binti anayebebwa nyuma akusanye baibui na khanga mbali na spoku, na mtoto asibebwe miguu ikining'inia huru karibu na gurudumu.

Wakati wa uchunguzi tulioueleza, watoto wadogo wakae mbali. Kidole kikiingia kati ya mnyororo na jino wakati pedali inazunguka, hakitoki salama. Na usisafishe mnyororo kwa petroli, zaidi karibu na jiko la mkaa. Mafuta ya taa yanatosha, nayo pia yawekwe mbali na moto na mbali na chupa ambazo watoto wamezoea kunywea maji.

Vumbi la kiangazi, tope la masika

Katika Tabora, kuanzia Mei hadi Oktoba, adui wa mnyororo ni mchanga. Wengi hudhani mafuta mengi ndiyo matunzo, wakaumwagia mnyororo oili chafu ya magari. Oili hiyo hukamata mchanga, na mchanga na oili vikichanganyika huwa msasa unaosaga pini kila mzunguko. Mafuta yanahitajika ndani ya rola, si juu ya vibati. Tia tone moja kwa kila rola, zungusha pedali, acha kwa muda, kisha futa yote yaliyobaki nje kwa kitambaa kikavu. Wakati wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, futa tope kila jioni na urudie mafuta mapema zaidi, kwa kuwa maji huyaosha.

Na dereva ajifunze adabu ya kubadili gia. Abadili kabla ya kilima, si katikati yake. Apunguze nguvu ya mguu kwa nusu mzunguko wakati mnyororo unahama. Asipande jino kubwa la mbele pamoja na jino kubwa la nyuma, kwani hapo mnyororo huwa umekazika na umepinda kwa wakati mmoja.

Ukienda kwa fundi baada ya uchunguzi huu, usimwambie tu kwamba gia inasumbua. Mwambie: inaruka katika gia zote, kila baada ya mizunguko mitatu, na kiungo chenye uzi mwekundu kina ufa. Fundi mwaminifu atafurahi kwa kuwa umempunguzia kazi, na asiye mwaminifu atajua kwamba si rahisi kukuuzia usichokihitaji. Baada ya matengenezo, omba urudishiwe kiungo kilichotolewa, ukionyeshe nyumbani. Kijana atakayekiona kibati chenye ufa mkononi mwake atajua namna ya kukitafuta siku baiskeli itakapokuwa yake.